Nyumba Ikiingia Maji ya Mafuriko: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuajiri Kampuni ya Usafi

Maji ya mafuriko yanapopungua, kazi ya kwanza inayofanywa na kaya nyingi ni kusukuma tope nje kwa fagio na ndoo, kufungua madirisha na kurudisha vitanda mahali pake. Baada ya siku chache sakafu hung'aa na nyumba huonekana imerejea katika hali yake. Majuma machache baadaye rangi huanza kubabuka, uvundo hubaki vyumbani, ukungu huota nyuma ya makabati na watoto huanza kukohoa. Mwenye nyumba hulazimika kulipia upya kazi aliyokwisha kuilipia.

Hasara hiyo ya pili huzikumba kaya ambazo tayari zimeumizwa na hasara ya kwanza. Aprili 25, 2024, aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge jijini Dodoma kuwa mvua za msimu huo zilizoambatana na El Niño zilisababisha vifo vya watu 155 na majeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 ziliathirika. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mvua za Desemba 2011 ziliyafurisha mabonde ya Jiji la Dar es Salaam kiasi cha kuilazimu Serikali kuwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande.

Mijini zipo kampuni za usafi na ufukizaji, wamiliki wa pampu na magari ya maji taka, pamoja na vikundi vya vijana vinavyofanya kazi ya kusafisha nyumba zilizoingia maji. Makala haya yanaeleza kazi hiyo inahusu nini, namna ya kumpata mtoa huduma anayefaa, yale ya kuandikwa katika mkataba na namna ya kupima iwapo kazi imekamilika. Jambo la msingi ni kwamba nyumba iliyosafishwa si lazima iwe nyumba iliyokauka, na mwananchi hapaswi kukamilisha malipo kwa kuridhishwa na macho pekee.

Maji ya mafuriko hubeba uchafu

Wataalamu wa ukaushaji wa majengo huyagawa maji yaliyoingia ndani katika makundi matatu: maji safi, kama yale ya bomba lililopasuka, maji yenye uchafu wa kiasi, kama ya kufulia, na maji machafu yanayoweza kubeba vimelea vya maradhi na kemikali. Maji ya mto uliofurika huwekwa katika kundi la tatu, hata yakionekana maangavu.

Katika makazi yetu sababu ni dhahiri. Maji hupita kwenye vyoo vya shimo, makaro, mitaro, madampo na gereji kabla ya kufika mlangoni. Wapo pia wakazi wachache wanaotumia mvua kutapisha vyoo, kitendo ambacho ni kosa na kinachohatarisha afya ya mtaa mzima. Ndiyo maana kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara huhofiwa zaidi wakati wa mafuriko. Homa ya mgunda, ambayo wananchi wengi waliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2022 baada ya mlipuko mkoani Lindi, huenezwa kwa mkojo wa wanyama wakiwamo panya, na vimelea vyake huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi pale mtu anapokanyaga maji au tope lililochafuliwa.

Kwa hiyo kijana anayeingia ndani akiwa pekupeku na ndoo mkononi anahatarisha afya yake, na anayemlipa ana wajibu wa kulijua hilo.

Usalama kabla ya kuingia

Hakuna mtoa huduma anayepaswa kuanza kazi kabla ya mambo manne kuthibitishwa. Kwanza, umeme uwe umekatwa. Iwapo swichi kuu iko mahali penye maji, isiguswe. TANESCO ipewe taarifa ili ikate umeme kutoka nje. Umeme usirejeshwe mpaka fundi mwenye leseni ya EWURA akague nyaya, soketi na vifaa vilivyolowa.

Pili, jengo liwe imara. Ufa mpya ukutani, sakafu iliyotitia, dari lililolegea au msingi ulioachwa wazi na maji ni ishara za kutoingia hadi fundi wa ujenzi au mhandisi aangalie. Tatu, jenereta na pampu za petroli ziwekwe nje, mbali na milango na madirisha, kwa kuwa moshi wake una hewa ya ukaa yenye sumu inayoua bila kutoa harufu. Nne, vyumba vikaguliwe taratibu kwa fimbo na tochi, kwani nyoka hujificha katika nguo, makabati na rundo la tope.

Panapotokea hatari ya kuangukiwa na jengo au mtu kunaswa, simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kutunza ushahidi wa hasara

Kabla kitu chochote hakijatolewa, mwenye nyumba anashauriwa kupiga picha kila chumba, alama ya kimo cha maji ukutani na kila mali iliyoharibika, na kuandika orodha yenye idadi na thamani ya mali hizo. Taarifa itolewe pia kwa ofisi ya Serikali ya Mtaa au kijiji, kwa kuwa tathmini ya maafa huanzia ngazi hiyo.

Aliyekata bima ya nyumba asome upya hati yake. Bima nyingi za majengo hujengwa juu ya kinga ya moto, na mafuriko huwa ni nyongeza ambayo mteja anaweza kuwa aliichukua au hakuichukua. Kampuni ya bima ijulishwe mara moja, na mali iliyoharibika isitupwe kabla mtathmini hajaiona au hajaruhusu kwa maandishi. Hata hivyo, mwenye nyumba anatarajiwa kuzuia hasara isiongezeke. Kuondoa maji na tope hakupaswi kusubiri. Risiti za kazi hiyo zihifadhiwe pamoja na picha. Asiyeridhika na namna madai yake yalivyoshughulikiwa anaweza kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kazi ya familia na kazi ya wataalamu

Si kila nyumba inahitaji kampuni. Chumba kimoja kilichoingia maji ya mvua kupitia mlangoni na kutoka siku hiyohiyo kinaweza kusafishwa na wenyewe kwa sabuni, maji safi na klorini, wakiwa wamevaa viatu vya mpira na glovu. Mtaalamu anahitajika pale maji ya choo au karo yalipoingia ndani, maji yalipokaa zaidi ya siku moja au mbili, dari na makabati yalipolowa, ukungu ulipokwisha kuenea, au nyumbani kukiwa na mtoto mchanga, mzee, mjamzito au mgonjwa wa pumu.

Muda nao ni sehemu ya gharama. Katika vitu vilivyolowa, ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Mwenye nyumba anayesubiri bei nafuu kwa wiki nzima huku magodoro na makapeti yakiwa bado ndani, mara nyingi huishia kulipa zaidi.

Lipo pia swali la mahali nyumba ilipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa nyumba iliyo ndani ya eneo hilo, au inayofurika kila masika, ni busara kupata ushauri wa halmashauri kabla ya kutumia fedha nyingi katika ukarabati.

Kumtambua mtoa huduma

Baada ya mafuriko hutokea watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiahidi kumaliza kazi kwa siku moja kwa malipo ya papo hapo. Wapo waaminifu miongoni mwao, lakini anayetoa fedha ana haki ya kuuliza maswali. Kampuni halali inapaswa kuwa na usajili wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), leseni ya biashara, namba ya utambulisho wa mlipakodi na uwezo wa kutoa risiti ya kielektroniki. Risiti hiyo ndiyo ushahidi wa mwananchi kwa kampuni ya bima na kwa vyombo vya sheria.

Zaidi ya karatasi, yapo maswali yanayotofautisha mtaalamu na mfagiaji. Kampuni ina pampu ya tope au ya maji safi pekee? Ina kifaa cha kupima unyevu wa ukuta? Ina mashine za kuvuta unyevu hewani, au feni tu? Tope na magodoro yaliyoharibika yatapelekwa wapi? Wafanyakazi wake wana viatu vya mpira, glovu nzito, barakoa na miwani? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake dhidi ya hatari za kazi, na kampuni isiyowajali watu wake ni vigumu kuamini kuwa itaijali nyumba ya mteja.

Iwapo kampuni inapendekeza kufukiza dawa ya wadudu, mteja aulize jina la dawa, aone lebo yake na ahakikishe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Ufukizaji huua wadudu lakini haukaushi ukuta, na hauwezi kuchukua nafasi ya usafi. Mwananchi akiambiwa kuwa nyumba "itapulizwa dawa" na kazi kuishia hapo, atambue kuwa ameuziwa kipande kimoja tu cha kazi.

Ni vema kupata makadirio ya watoa huduma wawili au watatu na kuzungumza na mteja wao wa awali. Afisa Afya wa Kata na uongozi wa mtaa wanaweza kueleza ni kampuni zipi zimewahi kufanya kazi katika eneo hilo.

Ukaguzi, bei na mkataba

Mtoa huduma makini hatoi bei ya mwisho kwa simu. Hufika, hupima ukubwa wa vyumba, huangalia maji yalifika kimo gani, yalikaa muda gani na yalibeba nini, kisha huandika makadirio. Gharama hutegemea mambo hayo pamoja na unene wa tope, umbali wa dampo na siku ambazo mashine zitafanya kazi. Kipengele cha kukausha kionekane peke yake, kwa sababu ndicho kinachoachwa kwanza pale bei inaposhushwa.

Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba kisheria, lakini kuyathibitisha ni kazi ngumu. Karatasi moja inatosha ikiwa itataja majina na anuani za pande zote mbili, vyumba vinavyohusika, kazi zitakazofanyika kwa mpangilio, siku ya kuanza na kumaliza, dawa zitakazotumika, mahali taka zitakapotupwa, anayewajibika mali ikivunjika au kupotea, na kigezo cha kukubali kuwa kazi imekamilika.

Malipo yafuate hatua za kazi. Sehemu ndogo hutolewa mwanzoni kwa ajili ya mafuta na usafiri, nyingine baada ya tope kuondolewa na nyumba kutakaswa, na sehemu ya mwisho, isiyo ndogo, baada ya vipimo vya unyevu kuonyesha kuwa kuta na sakafu zimekauka. Kulipa fedha zote mwanzoni ni kumwondolea mtoa huduma sababu ya kurudi.

Kazi inavyopaswa kufanyika

Hatua ya kwanza ni kutoa maji. Ghala au chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi hakipaswi kukaushwa kwa mkupuo wakati udongo wa nje ungali umejaa maji, kwa sababu uzito wa maji yaliyo nje unaweza kusukuma kuta zikabomokea ndani. Tahadhari hiyo inahusu pia makaro: kulinyonya karo likaisha wakati ardhi imeshiba maji kunaweza kulifanya liinuke au lipasuke. Ni salama zaidi kusubiri maji ya ardhini yashuke.

Hatua ya pili ni kuondoa tope likiwa bado bichi, kwani likikauka hushika kama saruji. Tope lisimwagwe kwenye mtaro. Mtaro ulioziba leo ndio utakaoleta maji ndani katika mvua inayofuata. Vitu vinavyofyonza maji na visivyoweza kuoshwa kikamilifu, kama magodoro ya sponji, mito, makapeti na mbao za kubandikwa, hutolewa na kutupwa. Vyakula vilivyoguswa na maji, ikiwamo unga na mchele ulio kwenye viroba, huteketezwa, na dawa za hospitali zilizolowa hazitumiki tena. Dari la jipsamu lililonyonya maji na kulegea hukatwa.

Hatua ya tatu ni kuosha kwa sabuni na maji safi kuanzia juu kwenda chini. Hatua ya nne ni kutakasa kwa klorini. Mpangilio huu hauwezi kugeuzwa, kwa kuwa klorini ikimwagwa juu ya tope hupoteza nguvu kabla ya kufikia vimelea. Kwa sehemu zilizochafuliwa na kinyesi, mchanganyiko wenye klorini ya asilimia 0.5 hutumika: dawa ya maji yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, na huachwa juu ya sehemu husika kwa takribani dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Klorini haichanganywi kamwe na dawa nyingine za usafi, hasa zenye asidi au amonia, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu.

Tangi la maji lililo chini ya ardhi husafishwa kwa namna hiyohiyo, huwekewa klorini na kusuuzwa kabla ya kujazwa. Hadi usalama wake uthibitishwe, maji ya kunywa yachemshwe.

Hatua ya tano, iliyo ndefu kuliko zote, ni kukausha. Ukuta wa matofali ya saruji hunyonya maji kama sifongo na huyatoa polepole. Huweza kuchukua majuma kadhaa. Siku za jua, madirisha ya pande mbili zinazotazamana hufunguliwa ili upepo upite. Siku za mvua za masika, hewa ya pwani huwa imejaa unyevu, hivyo kufungua madirisha husaidia kidogo. Hapo ndipo mashine ya kuvuta unyevu, ikiwa katika chumba kilichofungwa pamoja na feni, hufanya kazi isiyoweza kufanywa na fagio. Lipu iliyoachana na ukuta hubanduliwa ili tofali lipumue.

Kupokea kazi

Mteja asimame na fundi wakati wa kipimo cha mwisho. Njia rahisi ni kulinganisha: kifaa huwekwa kwanza kwenye ukuta wa nyumba hiyohiyo ambao haukufikiwa na maji, kisha kwenye ukuta uliolowa, katika sehemu kadhaa karibu na sakafu. Tofauti ikiwa kubwa, kazi bado haijakamilika, hata kama ukuta unaonekana mkavu.

Asiye na kifaa anaweza kuijaribu sakafu kwa kipande cha nailoni angavu chenye upana wa takribani sentimeta 45 kila upande. Nailoni hubandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne na kuachwa kwa saa 16 au zaidi. Matone yakionekana chini yake au sakafu ikiwa imegeuka rangi, unyevu bado upo. Rangi, vigae na makabati mapya visubiri. Rangi inayopakwa juu ya ukuta wenye maji huufungia unyevu ndani, na ndiyo chanzo cha mabaka na chumvi ambavyo wengi hudhani ni ubovu wa rangi.

Iwapo mtoa huduma amekiuka makubaliano, mteja aanze kwa barua, aambatishe mkataba, picha na risiti. Shauri linaweza kufikishwa katika Serikali ya Mtaa kwa usuluhishi au mahakamani. Pale ambapo wananchi wamedanganywa kuhusu huduma waliyouziwa, Tume ya Ushindani (FCC) ina jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wapangaji na kaya zenye kipato kidogo

Nyumba nyingi za mabondeni ni za kupanga, na chumba kimoja huishi familia nzima. Kwa kawaida mwenye jengo ndiye anayehusika na kuta, paa, umeme na karo, na mpangaji na mali zake. Lakini linaloamua ni makubaliano yao, hivyo yaandikwe kabla ya mvua. Mpangaji asitumie fedha zake kukarabati jengo kabla ya kukubaliana kwa maandishi iwapo zitakatwa katika kodi.

Kaya zisizomudu kampuni zinaweza kuungana. Majirani kumi wakichangia, huweza kukodi pampu moja, gari moja la kubeba tope na fundi umeme mmoja kwa nyumba zote, huku kazi ya kuosha ikifanywa na wenyewe kwa zamu. Njia hii ina faida nyingine: nyumba iliyotakaswa katikati ya nyumba tano zilizobaki na tope haitadumu salama. Vijana watakaofanya kazi hiyo wanunuliwe glovu na viatu vya mpira kabla ya kupewa ndoo, na atakayechomwa na msumari au kukatwa na bati aende kituo cha afya mapema kwa kinga ya pepopunda. Mwenye homa au kuharisha baada ya usafi asisubiri. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Maandalizi kabla ya msimu

Mikoa ya pwani hupata mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na za masika kati ya Machi na Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa kila msimu kabla haujaanza, na huo ndio wakati wa kunyonya karo, kuzibua mitaro, kuweka hati za nyumba na vyeti mahali pa juu, kusoma mkataba wa bima na kuandika namba za mafundi wanaoaminika. Anayetafuta kampuni huku maji yakiwa magotini hana nafasi ya kulinganisha bei wala ya kuuliza maswali. Aliyeitafuta wakati wa kiangazi huwa ameshayauliza.